Kahawa ya Nairobi ikifika baharini

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako niliupata jana usiku. Unasema kahawa ni ileile uliyobeba kutoka kabatini mwangu, kipimo ni kilekile, dakika ni zilezile nne, lakini humo kwenye mashua inakuwa chungu ya kukunja uso, na harufu imekufa. Ukauliza kama nilikupa mzigo mbaya. Asubuhi hii, nimejifunga leso mbili kwa baridi hii ya Julai, nimeionja ile iliyobaki. Ni nzuri. Kilichobadilika ni kwamba umeshuka hadi baharini.

Nairobi tuko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi. Maji yetu huchemka yakifika nyuzi 94 hivi, wala hayazidi hapo hata uyaache jikoni mpaka birika likauke. Joto linaloifaa kahawa nalo ni kati ya nyuzi 90 na 96. Ndiyo maana tangu utoto wako umeniona nikiepua birika na kumimina papo hapo, na kahawa ikatoka sawa. Huko ulipo maji yanachemka kwa nyuzi 100. Ukiyamimina yakiwa bado yanatokota, tena juu ya kahawa iliyokaangwa ikakolea weusi kama hiyo yako, uchungu unatoka kwa wingi na kuufunika ule uchachu mtamu wa zambarau ambao ndio sifa ya kahawa yetu.

Kwa hiyo epua birika, fungua kifuniko, usubiri. Sikiliza: kwanza linanguruma, kisha linanong'ona, kisha linanyamaza. Likinyamaza, hesabu polepole hadi thelathini ndipo umimine. Na thamosi usiisuuze kwa maji ya moto kabla, kama tunavyofanya hapa nyumbani. Hapa tunaogopa kupoteza joto. Huko ubaridi wa thamosi unakusaidia.

Ndiyo, nimesema thamosi. Achana na birika la kioo, litapasuka siku moja na vigae viingie kwenye miguu ya watu. Lile refu la Kitaliano nalo linapinduka mashua ikilala upande. Chukua thamosi ya chuma yenye mdomo mpana, tia kahawa, mimina maji, koroga mara moja, funga. Mawimbi yafanye yatakavyo, hakuna kitakachomwagika. Dakika nne zikitimia, chuja kwa kitambaa uhamishie kwenye thamosi ya pili. Usiache machicha yakae na maji mpaka zamu ya usiku, maana hata nyuzi 94 za Nairobi hazitakuokoa hapo.

Sasa hiyo harufu iliyokufa. Kosa hili nimelifanya mimi, kwa kukupa kahawa iliyosagwa. Miaka yote niliyofanya kazi ya kuonja kahawa kabla haijaenda mnadani Jumanne, tulisaga kikombe kwa kikombe, dakika chache kabla ya maji. Ukivunja lile povu zito kwa mgongo wa kijiko, pua ikiwa juu ya kikombe, harufu inakupanda hadi machoni. Iliyosagwa wiki mbili zilizopita haina mvuke huo, na hewa yenu yenye unyevu na chumvi inaimaliza upesi zaidi.

Basi nimekununulia kinu kidogo cha mkono. Keti sakafuni, mgongo kwenye kabati, kibane kwa magoti, saga mpaka chembe ziwe kama mchanga wa ufukweni, si kama unga. Najua mizani haipimi kitu chombo kikipanda na kushuka, kwa hiyo nimekupimia: vifurushi 20, kila kimoja gramu 30 za kahawa nzima nzima, kimoja kwa nusu lita ya maji. Ni aina ya mbuni iitwayo SL28. Herufi hizo ni za Scott Laboratories, kituo cha zamani cha utafiti wa kilimo, palepale Kabete tunapopita tukielekea Kikuyu, ilikochaguliwa mbegu hii miaka ya 1930. Nimeomba wasiikaange sana safari hii.

Onja maji ya tangi peke yake kabla ya kuyachemsha. Yakinuka dawa, kahawa nayo itanuka dawa. Tumia ya kwenye jerikeni.

Mwanangu, sasa nisikilize vizuri. Kovu la mguu wangu wa kushoto unalijua. Lile birika lilinimwagikia kwenye sakafu ya saruji isiyotikisika. Wewe sakafu yako inacheza, na kusi ndiyo hiyo inavuma. Ukiwa jikoni vaa suruali ya mpira ya mvua na viatu, hata kukiwa na joto. Vikombe viweke ndani ya sinki ndipo umimine, na ujaze nusu tu. Usimmiminie mtu kikombe kikiwa mkononi mwake, hata akiwa nahodha. Ukimaliza, funga gesi kwenye mtungi, si kwenye jiko peke yake. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa; ikivuja haipandi itoke nje, inazama hadi ngamani, chini kabisa ya chombo, na kukaa huko ikingoja cheche. Hili nakuomba ulifanye kila mara, hata ukiwa umechoka.

Mkifika Lamu utakaribishwa kahawa ya dele, lile birika la shaba. Ile huchemshwa muda mrefu juu ya makaa, na uchungu wake ni wa makusudi, ndiyo maana inaandamana na tende au kashata. Kunywa kwa heshima, ushukuru, wala usiwaambie wazee habari za nyuzi 94.

Kifurushi kinaondoka na basi la kesho usiku. Ukishatengeneza thamosi ya kwanza, niandikie ulihesabu hadi ngapi. Kama thelathini ilikuwa bado chungu, jaribu hamsini, kisha uniambie.

Mama yako