Chubwi za betri chakavu na mtoto wa miaka miwili

SWALI: Shikamoo daktari. Naishi Sahare, Tanga. Baba watoto ni mvuvi. Huvunja betri chakavu za gari na kuyeyusha madini ya risasi yaliyomo uani, kwenye jiko la mkaa, apate chubwi za nyavu. Tuna mtoto wa miaka miwili, na mimi ni mjamzito. Jirani anasema tunywe maziwa, sumu itatoka. Ni kweli? Na mbona mtoto haumwi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Maziwa hayatoi risasi mwilini. Vyakula vyenye kalsiamu na madini ya chuma, kama dagaa na maharage, hupunguza kiasi kinachofyonzwa tumboni, kwa hiyo kuleni. Lakini hakuna chakula kitakachoshindana na ua uliojaa vumbi la risasi. Kazi hiyo iondoke nyumbani, leo hii.

Watu huogopa moshi, na wana haki. Mimi naogopa zaidi ule unga wa kijivu unaopukutika bamba za betri zinapovunjwa, pamoja na uchafu unaoenguliwa juu ya risasi iliyoyeyuka na kumwagwa pembeni. Haunuki, hauozi, unakaa kwenye udongo miaka na miaka. Mtoto huchezea hapo, kisha mkono unaingia mdomoni. Kwa kiasi kilekile kilichomezwa, yeye hufyonza mara 4 hadi 5 kuliko mtu mzima. Mwili huichukua risasi kama kalsiamu na kuiweka mifupani. Wakati wa ujauzito mifupa huiachia, ikamfikia aliye tumboni.

Mtoto kutoumwa kusikutulize. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Mwaka 2020 UNICEF na Pure Earth, shirika linalopambana na uchafuzi wa sumu, walikadiria kuwa mtoto 1 kati ya 3 duniani, kama milioni 800, ana maikrogramu 5 au zaidi kwa desilita ya damu. Wengi wao wanacheza na kula vizuri; kinachoharibika ni uwezo wa kujifunza na utulivu, na haurudi.

Betri hasa zimeumiza watu. Thiaroye, Dakar, nchini Senegal, watoto 18 walikufa kabla chanzo hakijagunduliwa mwaka 2008. Hapo jirani Mombasa, mtaa wa Owino Uhuru ulichafuliwa na kiwanda cha kuyeyusha betri, na mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Lakini kuzuia kunawezekana. Bangladesh, ambako kiungo cha manjano kilitiwa rangi yenye risasi, serikali iliwabana wauzaji. Sampuli zenye risasi zikashuka kutoka asilimia 47 mwaka 2019 hadi sifuri mwaka 2021. Hawakutibu, walizuia.

Nyumbani basi: sufuria ile isipikiwe tena kamwe. Msifagie ua ukiwa mkavu. Ulowanishwe kwanza, na wewe mwenye mimba usishike kazi hiyo. Nguo za kazi zifuliwe peke yake, na baba aoge kabla ya kumbeba mtoto. Betri auze nzima, na nyavu zifungwe vipande vya nondo au mawe.

Nenda Hospitali ya Bombo na mtoto, uombe kipimo cha risasi kwenye damu, nawe uwaeleze kliniki ya wajawazito. Si kila maabara hukifanya, kwa hiyo waulize sampuli inapelekwa wapi. Majibu yakiwa maikrogramu 45 au zaidi kwa desilita, mtoto atahitaji dawa za kutoa risasi, tena hospitalini. Yakiwa 5 na kuendelea, chanzo kitafutwe na kuondolewa, kisha apimwe tena.