Kabla ya kulaumu makala, chungulia chini ya mbabula

Bei ya gunia la makala, yaani mkaa, ikipanda hapa Goma, mashariki mwa Kongo, lawama zinajua pa kwenda: muuzaji, barabara ya Masisi, mvua, watu wa vizuizi. Sikatai, wote wana sehemu yao. Ila nimepika kwa mbabula, jiko letu la makala, tangu nikiwa msichana wa kutumwa sokoni, na naona makala mengi yanapotelea jikoni kwetu wenyewe, katika mbabula ambayo haijasafishwa.

Juzi mama jirani aliniita kupitia ukuta wa mbao: "Yaya, njoo uone, leo wameniuzia mawe!" Nilimkuta amepiga magoti, anapepea kwa kifuniko cha ndoo, macho mekundu, na maharagi kwenye sufuria hata hayajatoa povu. Niliinama nikachungulia mlango wa chini. Majivu yalikuwa yamejaa mpaka yanagusa ile sahani yenye matundu inayoshika makala, na matundu yenyewe, zaidi ya nusu, yamezibwa na chenga na vijiwe. Tuliteremsha sufuria, tukachokonoa tundu moja moja kwa msumari mrefu, tukakomba majivu kwa kijiko kikuukuu. Makala yakaanza kualika na kuiva yenyewe bila mtu kupepea. Yalikuwa ni yale yale ya kwanza.

Makala yanavuta hewa kutoka chini. Njia hiyo ikiziba, huwezi kuyapepea kutoka juu ukayatosheleza. Utarusha majivu kwenye mboga na kuchosha mkono. Kwa hiyo toa majivu kila asubuhi kabla ya kuwasha, yakiwa yamepoa, na ugonge mbabula kidogo ubavuni chenga zidondoke. Mara moja kwa wiki pitisha msumari katika matundu yote. Hiyo ndiyo sehemu kubwa ya matunzo.

Mlango wa chini nao una kazi. Watu wengi wanauacha wazi kutoka kuwasha hadi kuzima. Fungua wote wakati wa kuwasha na wakati unasonga bugali, maana hapo unataka nguvu. Sufuria ya maharagi ikishachemka, rudisha mlango ubaki upenyo wa vidole viwili. Kuna jambo ambalo sisi wa milimani tunapaswa kulijua: Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Ndiyo maana maharagi yetu yanakawia kuiva kuliko ya mtu wa Mombasa. Tena maji yakishachemka, ukiongeza makala huongezi joto la maji, unaongeza mvuke tu unaotoka kupitia dirisha. Loweka maharagi usiku kucha, funika sufuria kwa kifuniko kinachokaa vizuri, punguza hewa, nenda ukafanye kazi nyingine.

Kuhusu kuwasha, naomba tuache sasheti, vile vifuko vya plastiki. Najua zinashika moto haraka na zimejaa kila barabara, lakini moshi wa plastiki ni sumu, na mtoto aliye mgongoni anauvuta wote. Vigunzi vya mahindi vilivyokauka vinatosha, au vibanzi vya mbao kutoka kwa seremala, ambaye mara nyingi anakupa bure ukimwomba vizuri. Na petroli usiimwage kamwe juu ya makala yaliyokwisha kushika moto, hata kama yanaonekana yamezimika. Mvuke wake unashika kabla hujaondoa mkono.

Tuje kwenye mbabula yenyewe. Ile ya bati tupu ni rahisi kununua, lakini joto lake linatoka ubavuni na kukuchoma miguu badala ya kuivisha chakula. Yenye kinywa cha udongo ndani inalizuia joto libaki kwenye makala. Kenya walianza kusambaza majiko ya namna hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1980, na leo mafundi wetu wanatengeneza ya kwao kwa bati la mapipa ya zamani. Ukiwa nayo mpya, siku za kwanza washa moto mdogo tu, udongo umalize unyevu wake polepole. Usiimwagie maji ikiwa ya moto. Nimeona watu wanazima kwa kikombe cha maji ili waokoe makala kwa kesho, kisha wanashangaa udongo umepasuka vipande vitatu. Ukitaka kuokoa makala, yachukue kwa koleo, yatie kwenye chungu au kopo la bati lenye kifuniko, yafunike yakose hewa, na kopo lenyewe liache nje. Yatazimika yenyewe, na kesho yatawaka haraka kuliko mapya.

Ufa mwembamba kama uzi si shida. Udongo ukianza kucheza ndani ya bati, hapo rekebisha kabla haujaanguka. Mimi nachanganya udongo wa mfinyanzi na majivu yaliyochungwa, na maji kidogo, nashindilia katika nafasi iliyo kati ya udongo na bati, naacha ikauke kivulini siku kadhaa. Kupata udongo wenyewe ndiyo kazi, maana mji wetu umekaa juu ya mawe ya volkano na mitaa mingine bado inakanyaga lava ya mwaka 2002. Huwa naagiza kwa watu wanaoshuka kutoka vijijini.

Mbabula ikae juu ya mawe mawili matatu, isiguse ardhi yenye maji. Majivu yaliyolowa yanakula bati haraka sana.

Kuni sina mengi, kwa sababu mjini tunaziona zaidi kwenye vilio na harusi, pale mawe matatu yanapobeba sufuria kubwa. Jambo ni moja tu, ziwe kavu. Gonga mbili: zilizokauka zinatoa mlio mkali, mbichi zinatoa sauti nzito isiyolia. Ukiona ncha inatoa povu na kulia motoni, ujue unachoma kuni ili ukaushe maji. Zipange juu ya mawe, bati juu, pembeni wazi upepo upite. Makala hivyo hivyo. Gunia lililonyeshewa juu ya chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo, ni zito, na uzito huo ni maji uliyolipia. Vunja kipande kimoja kabla ya kununua: kizuri kinavunjika kwa mlio kama wa kigae na ndani kinang'aa.

Na tukumbuke kilichotumika mpaka gunia lifike hapa. Kwa tanuru la udongo la porini, kilo moja ya makala inaweza kula kilo 5 hadi 10 za kuni. Sehemu kubwa ya miti hiyo imetoka ndani ya Hifadhi ya Virunga, ambayo imelindwa kisheria tangu 1925. Umeme wa maji wa Matebe ulianza mwaka 2015 na wenye uwezo wanapikia, lakini mitaa mingi bado ni mbabula. Basi angalau tusichome bure.

Sasa jambo ambalo lingenifanya niandike hata kama mengine yote yasingekuwepo. Mtu wa Goma anajua mazuku. Tunawakataza watoto wasiteremke kwenye mabonde fulani kwa sababu hewa ya volkano inalala chini, haionekani, na mbuzi akiingia hatoki. Lakini watu hao hao, usiku wa baridi, wanaingiza mbabula chumbani ili mtoto apate joto, au nguo zilizofuliwa zikauke. Wanasema, "Haina moshi tena, makala yameshaiva." Hapo ndipo hatari ilipo. Makala mekundu yasiyo na moshi bado yanatoa gesi iitwayo monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu, inachukua nafasi ya oksijeni katika damu. Mazuku hukaa chini, lakini hii inajichanganya na hewa ya chumba chote, kwa hiyo kulala kwenye kitanda kirefu hakukusaidii. Dirisha la upenyo halitoshi. Kichwa kinauma, kichefuchefu, usingizi mzito, basi. Aliyelala hawezi kujua kwamba anakufa.

Ukikuta mtu katika hali hiyo, mtoe nje kwanza, kisha mpeleke hospitali, hata akisema amepata nafuu. Na joto la mtoto litafute kwenye blanketi, au chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuvikwa kitambaa, isimguse ngozi. Mbabula ilale nje ya mlango.

Ikilala huko, isiegemee ukuta. Nyumba zetu ni mbao, zimeshikana, moto wa mmoja ni moto wa mtaa. Majivu nayo yanaficha kaa la moto hadi kesho yake, kwa hiyo yasiingie kwenye ndoo ya plastiki wala kwenye lundo la takataka kandokando ya ukuta. Mimi nayaweka kwenye kopo la bati, yakipoa kabisa yanakwenda chooni kupunguza harufu, mengine yanasugulia masufuria.

Ukienda kununua mbabula mpya, usiangalie rangi. Itikise: udongo usicheze. Gonga kinywa kwa kucha, kilichochomwa vizuri kinatoa mlio, kibichi kinadunda tu. Bonyeza bati kwa kidole gumba. Likibonyea, halimalizi mwaka. Kisha fungua na ufunge mlango wa chini mara kadhaa mbele ya fundi. Ukikwama, mwambie aurekebishe hapo hapo, kabla hujatoa pesa.