Usidanganywe na kichwa cha kebo: kwa nyie mnaoanza ufundi kompyuta

Kwa nyie mnaoanza kazi hii, kuna kitu ningependa mkijue mapema maana mi nilikijua kwa kuchelewa: kichwa cha kebo kinakuambia itaingia wapi, hakikuambii ina spidi gani. Kebo mbili zinaweza kufanana kama mapacha, zote USB-C huku na huku, moja inapitisha gigabiti 40 kwa sekunde na nyingine inaishia megabiti 480, yaani spidi ya USB 2.0 ya mwaka 2000.

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilipewa mashine ya dada mmoja wa uhasibu nihamishe faili zake zote, kama GB 200 hivi, ziende kwenye SSD (diski ya kisasa isiyozunguka) ya nje mpya kabisa. Kebo yake sikuiona, nikachukua ya chaja ya simu iliyokuwa mezani, kichwa si kimeingia, nikaanza kukopi. Inasoma MB 40 kwa sekunde, haipandi. Nikabadilisha poti, nikazima antivairasi, nikawasha mashine upya, mwisho nikaanza kuilaumu SSD, na muda wote huo yule dada amekaa pembeni anasubiri kazi yake. Ilikula zaidi ya saa moja na dakika 20. Kesho yake nikaipata kebo yenyewe kwenye boksi, fupi na nene, nikarudia kazi ileile ikaisha kwa dakika zisizofika 8. Nilijisikia vibaya sana kwa ajili ya yule dada.

Sababu ni kwamba kichwa cha USB-C kina nafasi ya pini 24 lakini sio kila kebo ina nyaya za kuzijaza zote. Nyingi zinazokuja na chaja zimetengenezwa kupeleka umeme, kwa upande wa data zimewekewa zile nyaya mbili za USB 2.0 basi. Na inaweza kuchaji vizuri tu, ndo maana inakupoteza.

Halafu jifunzeni kutofautisha biti na baiti, hapa wengi wanachanganyikiwa. Spidi ya kebo inaandikwa kwa biti, kompyuta ikikopi faili inakuonyesha baiti, na baiti moja ni biti 8. Kwahiyo megabiti 480 gawanya kwa 8 unapata MB (megabaiti) 60 kwa sekunde, toa ule mzigo wa mawasiliano yenyewe, ukiona 35 mpaka 40 ujue uko kwenye USB 2.0 na hakuna kilichoharibika. Ya gigabiti 5 itakupa kama MB 400 na kitu. Mkiizoea hii hesabu mtakuwa mnaangalia ile namba kwenye skrini na kujua papo hapo kebo imekwamia wapi.

Majina ya USB yasiwaumize kichwa. Ile 3.0 ya mwaka 2008 ilikuja kuitwa 3.1 Gen 1, baadaye tena 3.2 Gen 1, na spidi ni ileile gigabiti 5. Mi siangalii jina, natafuta namba: 5, 10, 20 au 40. Na kumbukeni mnyororo mzima unaenda kwa spidi ya aliye mzembe kuliko wote, kebo ya 10 kwenye poti ya 5 itakupa 5, na diski ya zamani ya kuzunguka haitakimbia hata uifungie kebo ya 40.

Kwenye HDMI, yaani kebo ya kupeleka picha kwenye skrini, dalili ni nyingine, skrini ya 4K inagoma kupita 30 Hz (picha 30 kwa sekunde) kwa sababu kebo au poti ni ya zamani, HDMI 2.0 ndo ilileta 4K kwa 60.

Sasa kebo za mtandao. Cat5e inabeba gigabiti 1 mpaka mita 100, lakini utakuta kompyuta imeunganishwa kwa megabiti 100 tu na mtu anakuambia intaneti mbovu. Niliwahi kupata kesi hiyo, ruta nzima, swichi nzima, nikaichomoa kebo nikageuza kichwa chake kwenye mwanga, ile plastiki inaonyesha ndani, nikauona uzi mmoja wa bluu umeishia njiani haujafika kwenye meno, labda milimita 2 tu. Megabiti 100 zinatumia pea mbili (pea ni nyaya mbili zilizosokotwa pamoja), pini 1 na 2 na pini 3 na 6, wakati gigabiti inataka pea zote nne. Pea ya bluu ikikosekana, vifaa vingi vinashuka kimyakimya mpaka 100 na intaneti inaendelea kupatikana, kwahiyo hakuna anayeshtuka. Nikakata kichwa, nikapanga upya rangi nane, nikahakikisha kila uzi umegusa mwisho ndo nikabana. Ikasoma 1000.

Siku hizi kebo mpya ya USB ikifika mkononi naipima kwanza kwa faili moja la GB 10, kutoka SSD kwenda SSD. Ikichukua dakika 4 na zaidi naibandikia karatasi nimeandika CHAJI. Ikimaliza ndani ya nusu dakika naandika DATA na tarehe, inaingia kwenye begi la kazini.