Maswali ya Wasomaji: Je, Vyombo Huiona Ngome Iliyofukiwa?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, ngome moja ya kale ninayoifahamu imebakiwa na kipande cha ukuta tu, na sehemu nyingine zote zimefunikwa na majani. Wataalamu wanasema watachora ramani ya yaliyofukiwa bila kuchimba. Je, vyombo vyao huziona kuta kweli? Na kwa nini walete vya aina tatu badala ya kimoja kilicho bora?

JIBU: Ndugu msomaji, hakuna chombo kinachouona ukuta. Kila kimoja hupima tofauti iliyopo baina ya kitu kilichofukiwa na udongo unaokizunguka, na pasipo na tofauti hiyo hata ukuta mnene hautajitokeza.

Magnetomita hupima mabadiliko katika uga wa sumaku wa dunia, ambao nguvu yake ni takriban nanotesla 25,000 hadi 65,000 kutegemea mahali, ilhali handaki la kale, yaani mtaro wa ulinzi wa ngome, lililojaa udongo wenye mboji huweza kuubadilisha kwa nanotesla chache tu. Majiko, matanuri na matofali ya kuchoma huonekana vizuri zaidi, kwa kuwa madini ya chuma yaliyomo katika udongo, yakishapata moto mkali na kupoa, hubaki na usumaku wa kudumu. Ndiyo maana mwanafizikia Martin Aitken, alipoijaribu magnetomita ya protoni huko Water Newton, Uingereza, mwaka 1958, alikuwa akitafuta matanuri ya ufinyanzi ya Kirumi. Katika ngome, hata hivyo, misumari, vipande vya mizinga na nyaya za uzio wa miaka ya karibuni hutoa ishara kali zinazoweza kulifunika handaki lote.

Hapo hufaa upimaji wa ukinzani wa umeme, ambao mwanaakiolojia Richard Atkinson aliutumia Dorchester-on-Thames, Uingereza, mwaka 1946. Vijiti vya chuma huchomekwa ardhini na mkondo mdogo hupitishwa: msingi wa mawe huuzuia, handaki lenye unyevu huupitisha kwa wepesi, na misumari iliyotawanyika haina athari kubwa. Kwa maoni yangu, hapa kuchagua msimu ni muhimu kuliko ubora wa chombo, kwa sababu mvua nyingi au ukame mrefu huweza kuifuta tofauti hiyo, na pengine kuigeuza.

Rada ya kupenya ardhi hutuma mawimbi na kupima muda yanaochukua kurudi, hivyo hukadiria na kina. Hufanya kazi vyema katika mchanga mkavu; katika mfinyanzi uliolowa mawimbi huenda yasifike hata mita moja.

Jambo ninalokuomba ulizingatie zaidi ni kwamba ngome nyingi zilijengwa upya mara kadhaa: boma la miti likapisha la mawe, handaki likafukiwa, jingine likachimbwa mbele yake. Ramani huweka nyakati hizo zote pamoja, wala haitaji tarehe. Kwa hiyo waulize wataalamu hao ni wapi katika ramani mstari wa handaki unakatana na ule wa msingi wa ukuta, kwa maana shimo dogo la uchunguzi likichimbwa kwenye makutano hayo linaweza kuonyesha kipi kilitangulia, na sehemu nyingine ya ngome ikabaki bila kuguswa.