Uyoga wa msituni: ufukue, usiukate

Ndugu yangu uliyeuliza kama uyoga mweupe uliouona msituni upande wa Shimba Hills unalika kwa sababu tumbili wanautafuna: usiutie sufuriani. Tumbili si kipimo. Wala kuuchemsha na kitunguu au sarafu ya fedha ukingoja rangi ibadilike si kipimo, ingawa hapa Likoni nimewasikia watu wazima wakiapia hayo.

Mama yangu alikuwa mwokotaji uyoga huko Kwale, msimu wa masika, na kisu alitukataza kabisa. Uyoga hufukuliwa mpaka mwisho wake. Ule wa kichuguu una mzizi mrefu unaoshuka hadi kwenye makao ya mchwa. Ukikuta shina limevimba na kukaa ndani ya kijifuko cheupe, kama yai lililopasuka, uache hapo hapo. Kijifuko hicho hufunikwa na udongo, kwa hiyo anayekata juujuu hakioni. Tazama pia pete ya ngozi laini shinani na makunjo meupe chini ya kofia. Ukoo wa Amanita ndio wenye dalili hizo, na humo yumo Amanita phalloides, mwenye asili ya Ulaya, aliyesafiri na miche ya miti hadi Afrika Kusini, Marekani na Australia. Nusu ya kofia yake yaweza kumuua mtu mzima. Kuupika au kuukausha hakuondoi sumu.

Kinachonitisha zaidi ni saa. Jirani yetu alikula uyoga uliomea kwenye nyasi za uwanjani, akatapika muda mfupi tu baadaye, akapona. Tangu hapo watu wa mtaa huamini kuwa sumu hujitokeza upesi. Amatoksini, sumu iliyomo katika Amanita phalloides, haiko hivyo! Hunyamaza saa 6 hadi 12, pengine hata 24, ndipo kutapika na kuhara kuanze. Kisha mgonjwa hupata nafuu, na ndugu humrudisha nyumbani wakishukuru, kumbe seli za ini zimezuiwa kutengeneza protini na zinakufa. Macho huja kuwa ya manjano siku ya tatu au ya nne.

Kwa hiyo aliyekula apelekwe hospitali hata kama hajaumwa, na mabaki ya uyoga yabebwe kwenye karatasi. Mwambieni daktari saa aliyokula.

Ukirudi huko, ufukue mmoja, uupige picha juu, chini na ubavuni, kisha unawe mikono. Nitakuambia ninachokiona. Ruhusa ya kuula sitakupa kwa picha.