Kusimamia saiti kwa mkataba wakati mwenye nyumba yuko Muscat: andikeni haya kabla ya msingi

Mkuu, umeuliza mambo matatu. Umepewa kazi ya kusimamia nyumba ya ghorofa moja Kigamboni, mwenye nyumba anaishi Muscat, Oman, anataka ufike saiti mara mbili kwa wiki na siku nyingine uongoze kwa simu. Unataka kujua mkataba uandikweje, malipo udai kwa mtindo gani, na hela za vifaa akikutumia wewe uzipokee au la. Nilikuwa meneja wa saiti kwa wakandarasi kwa muda mrefu, na sasa kazi zangu nyingi ni za Watanzania walioko Oman na Uingereza. Nakujibu kwa kirefu kwa sababu nimeona vijana wanaojua kazi wakiharibiwa jina na mikataba ya ukurasa mmoja.

Kazi ya mbali inawezekana. Ratiba, oda za vifaa, mahudhurio ya vibarua, kumfafanulia fundi mchoro, ripoti ya wiki, hayo yote simu inayamudu. Muscat wametutangulia saa moja tu, na mapumziko yao ya wiki ni Ijumaa na Jumamosi, kwa hiyo mwombe mwenye nyumba Ijumaa asubuhi iwe siku ya kikao. Atakuwa ametulia, na huku mafundi wako kazini, anaweza kuonyeshwa kitu palepale.

Ila zipo hatua ambazo picha haikusaidii. Hizo ndizo ziwe kifungu cha kwanza cha mkataba wako, hata kabla ya ada: hatua ambazo kazi inasimama mpaka ufike mwenyewe, ukague na usaini. Mimi huandika mtaro wa msingi kabla ya zege la chini, nondo za msingi na nguzo, nondo na mbao za slebu (sakafu ya zege ya ghorofa), mkanda (boriti ya zege inayozunguka juu ya kuta), kenchi za paa kabla ya bati, na mabomba ya maji na ya umeme kabla ya plasta. Pia mirunda ya slebu, ile miti inayoishikilia mpaka zege likomae, haiguswi bila saini yangu. Andika na matokeo yake: fundi akimwaga zege bila wewe kukagua, hatua hiyo haimo kwenye dhamana yako, na mwenye nyumba anaarifiwa siku hiyohiyo kwa maandishi.

Nikupe mfano wa balkoni, maana ghorofa yako bila shaka itakuwa nayo. Balkoni isiyo na nguzo kwa mbele inabebwa na nondo za juu. Asubuhi ya kumwaga zege fundi anakutumia picha safi kabisa: nondo zimesukwa, ringi (vyuma vinavyozifunga) zimekaa sawa, biskuti (vipande vya zege vya kuzinyanyua) zimepangwa chini. Saa mbili baadaye wasukuma toroli wamepita juu yake mara nyingi, na zile nondo za juu zimekanyagwa hadi zimelalia za chini. Zege likishafunika, chuma kipo chote kama mchoro ulivyotaka, ila kipo mahali pasipobeba kitu, na ufa utaanzia juu, pale balkoni inapoungana na slebu. Picha ya asubuhi haikuonyesha hilo na isingeweza. Siku ya slebu uwe pale tangu mikisa inapowashwa mpaka ndoo ya mwisho. Dai njia ya mbao kwa ajili ya matoroli, na vyuma vilivyokunjwa vya kushikilia nondo za juu. Simama karibu na mikisa pia, kwa sababu jua likiwaka mafundi hupenda kuongeza maji ili zege lisambae kirahisi, na nguvu ya zege inaondoka na maji hayo.

Kwa hiyo "mara mbili kwa wiki" isiwe msingi wa mkataba wako. Kuna wiki za tofali ambapo mara moja inatosha, na kuna wiki ya slebu ambapo unahitajika kila siku.

Malipo fuata mantiki hiyohiyo. Iwepo ada ya mwezi kwa usimamizi wa mbali, ndogo lakini ya uhakika, na ada ya kila hatua ya ukaguzi, inayolipwa kabla ya zege au bati kupanda. Nauli na pantoni weka pembeni. Usikubali asilimia ya gharama za vifaa. Ukilipwa hivyo, kila mfuko wa simenti unaouokoa unakupunguzia kipato, na mwenye nyumba akiwa mbali ataanza kuwaza hivyo hata kama wewe ni mwaminifu kuliko wote.

Hela za vifaa usizipokee. Najua atakuomba, na atakuambia anakuamini. Mwambie alipe duka moja kwa moja, wewe utume orodha, upokee mzigo na usaini hati ya kupokelea. Kwenye hati andika na aina: mfuko wa simenti ya daraja la 42.5 wa kazi ya zege na wa 32.5 wa plasta vinatofautiana nguvu na bei, na vikichanganyikana stoo hakuna atakayekumbuka kilichonunuliwa. Hela ndogo za vibarua na maji zipitie kwa mtu wake wa karibu, au ziwe na kiwango kisichozidi cha wiki moja, na risiti zitumwe kabla ya nyingine kuingia.

Kuna jambo la sheria ambalo wengi hulipita. Kichwa cha mkataba kikisema "mtoa huduma huru", hilo peke yake halikutoi kwenye ajira. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, kifungu cha 61, inamchukulia mtu kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo, endapo kipo hata kimoja kati ya vigezo vyake: anapangiwa namna au saa za kufanya kazi, anamtegemea mtu mmoja kiuchumi, anapewa vitendea kazi, au amemfanyia mtu huyo kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Meneja wa saiti anayeripoti kwa mkandarasi kila asubuhi kwa mwaka mzima akiambiwa hana likizo wala mchango wa NSSF, akakisome kifungu hicho. Akiachishwa, siku za kupeleka lalamiko CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi) ni 30 tu. Wewe mwenye wateja watatu wanne unasimama kwingine: una TIN yako, unatoa ankara, na kampuni ikikulipa ada itakukata asilimia 5 ya kodi ya zuio. Dai cheti cha makato hayo.

Halafu boma kusimama, yaani ujenzi kukwama katikati. Wengi tunajenga kwa hela inavyopatikana, na mwenye nyumba anaweza kukwama kwenye linta, juu ya milango na madirisha, akakaa kimya miezi minane, masika ikapita juu ya kuta. Andika kwamba malipo yakichelewa siku 30, mkataba unasitishwa kwa barua fupi yenye picha za hali ya saiti siku hiyo na orodha ya vilivyomo stoo. Kuanzia hapo ulinzi na vifaa si juu yako. Kazi ikifufuka, kuna ada ya ukaguzi upya, kwa sababu nondo zilizoachwa wazi jirani na bahari zinakula kutu, na lazima mtu azipige brashi na kuzipima kabla ya kuendelea.

Umesema wanaanza kuchimba wiki ijayo. Mpigie leo umtumie hivyo vifungu vya hatua za ukaguzi na vya kusitisha, hata kwa ujumbe wa WhatsApp, na umwombe ajibu kwa maandishi kwamba amekubali. Mkataba kamili unaweza kufuata, ila mtaro usijazwe zege kabla ya jibu hilo.