Je, "mishipa ya chi" ni mishipa kweli?

Swali: Mwalimu shikamoo. Natafsiri makala kuhusu tiba ya Kichina na vipimo vya hospitali. Kichwa nimeandika "Picha za mionzi zathibitisha mishipa ya chi", yaani zile njia ambazo Wachina wanasema nguvu ya uhai inapita mwilini. Mhariri wangu kakataa "mishipa", anataka "meridiani". Mi naona meridiani hakuna atakayeielewa. Na hiyo "picha za mionzi" naweza kuitumia kwa MRI pia, ile mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili? Na ile "tiba ya sindano" iko sawa?

Jibu: Marahaba mwanangu. Mhariri wako kafanya vizuri kukataa mishipa ila hiyo meridiani yake hata mimi siitaki, mtu aliyesoma jiografia anaijua meridiani ya kwenye ramani basi, na ambaye hakusoma haimwambii kitu.

Tuanze na mshipa maana ndio kiini cha yote. Neno hili kwetu limebeba mizigo mingi mno. Damu inapita kwenye mshipa. Neva nazo tunaziita mishipa ya fahamu. Mtu akiteguka mguu anasema mshipa umevutika, hapo anamaanisha kano. Mzee akikwambia kwa sauti ya chini "nina mshipa" usiulize wa wapi, ni ngiri hiyo au busha. Na anayeropoka mbele ya wakwe tunasema kakatika mshipa wa aibu, huo hakuna daktari aliyewahi kuushona lakini kila mtu anajua ukikatika inakuwaje. Bibi yangu kule Pangani alikuwa anachua watu, basi kidole gumba kinapanda na mafuta ya nazi kwenye shavu la mguu, taratibu, mara kinasimama, anasema "huu hapa, umepanda". Inawezekana alichokuwa anakigusa ni msuli uliokaza tu, ila neno lilimtosha yeye na lilimtosha mgonjwa wake.

Wachina nao wako hivyohivyo. Neno lao ni jingmai, na hiyo mai kwao ni mshipa wa damu na ni mapigo pia, yale mganga anayasikiliza kwa vidole kwenye kifundo cha mkono. Kwa hiyo kikamusi hujakosea kabisa. Vitabu vyao vya kama miaka 2000 iliyopita vinazungumzia njia kuu 12 ambazo chi, ile nguvu ya uhai, inapita mwilini, na juu ya hizo njia, pamoja na nyingine mbili za katikati ya mwili, ndio kuna vituo vya kuchomeka visindano, Shirika la Afya Duniani mwaka 2008 lilitoa mwongozo wa mahali pa kila kituo na jumla ni 361.

Shida inaanza picha zinapoingia. Mwaka 1985 huko Ufaransa, Pierre de Vernejoul na wenzake, akiwemo Jean-Claude Darras, walidunga kiasi kidogo cha teknishiamu yenye mionzi kwenye vituo hivyo halafu wakaangalia kwa kamera ya gama, inayoona mionzi hiyo, inatembeaje mwilini. Ikatembea kweli, ikachora mstari, na mstari ukafanana na michoro ya Kichina, wakaona njia za chi zimepigwa picha. 1988 Wafaransa wengine wakachapisha uchunguzi wao wa aina hiyohiyo wakasema hapana, mnachokiona ni teknishiamu inasafiri ndani ya vena, yaani mishipa ya damu ya kawaida, inarudi na damu moyoni kama dawa yoyote ukiidunga pale.

Sasa iandike hiyo habari kwa neno lako. Timu ya kwanza: "Picha zimeonyesha mishipa." Timu ya pili, ambao wanawapinga wenzao kabisa: "Picha zimeonyesha mishipa." Umeona? Watu wanabishana na Kiswahili chako kimewapatanisha bila wao kujua, msomaji anatoka hapo hajui hata ugomvi ulikuwa wa nini. Ndio maana nakwambia kwenye maongezi sema mshipa utakavyo, lakini kwenye makala ambayo swali lenyewe ni "je hiki kitu ni mshipa au sio", huwezi kukiita mshipa kuanzia kwenye kichwa cha habari, unakuwa umeshajibu kabla hujauliza.

Andika njia za chi. Utaniambia njia ya mkojo nayo ni kiungo cha mwili, kweli, ila neno njia halikulazimishi pawe na bomba, ndege wana njia zao, mwezi una njia yake, na huko juu hakuna barabara. Linamwachia nafasi anayeamini na anayepinga. Ukitaka, mara ya kwanza sema "njia za chi, ambazo wengine huziita mishipa", baada ya hapo njia tu mpaka mwisho, usichanganye.

Kuhusu "zathibitisha", hapa naomba unisikilize vizuri. Ndani ya kuthibitisha kuna thabiti, kitu kikishathibiti hakitikisiki tena. Mwaka 1998 Zang-Hee Cho wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, na wenzake walichapisha kwamba ukichomeka kisindano upande wa nje wa kidole kidogo cha mguu, mahali ambapo tiba ya Kichina inapatumia kwa magonjwa ya macho, MRI inaona sehemu ya ubongo ya kuona, ile ya kisogoni, inaamka kama vile mtu kamulikwa taa machoni. Habari tamu sana. 2006 wengi wa waandishi hao wenyewe wakaiondoa, wakasema hawaoni tena kwamba kituo fulani kina kazi yake maalumu. Kwa hiyo aliyeandika "picha zaashiria" leo sentensi yake bado anaweza kuitetea, aliyeandika "zathibitisha" imebidi aifute. Picha moja inaonyesha au inaashiria, kuthibitisha ni mpaka wengine warudie na wapate kilekile.

Mionzi: usiitumie kwa MRI. Mashine ile inatumia sumaku na mawimbi ya redio, na mgonjwa wa kwetu akisikia mionzi anawaza eksirei au tiba ya saratani, mjamzito anaweza kugoma kuingia kwa sababu ya neno lako tu. Sema picha ya MRI, inatosha. Ile ya Wafaransa ndio ya mionzi, hapo liweke neno kwa uhuru.

Kwa hiyo kichwa chako ningekiandika "Je, picha za hospitali zimewahi kuona njia za chi?", na mhariri akiuliza mwambie ni mimi.

Tiba ya sindano nayo irekebishe iwe tiba ya visindano, maana kwetu sindano ni bomba lenye dawa ndani na vile vya Kichina havina dawa, ni vyuma vyembamba tu. Na vitenzi vifuate hapohapo: Wafaransa walidunga, wale wa kidole cha mguu walichomeka.